Mkataba wa mto: namna ya kumfanya mtumiaji maji wa bondeni amlipe mkulima wa mlimani

Masika yakishika kasi na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ujue umebeba hasara ya watu wawili. Aliye mlimani amepoteza tabaka la juu la shamba lake, lile lenye samadi na mbolea aliyoinunua kwa bei ya kuumiza. Aliye bondeni, iwe mamlaka ya maji, skimu ya mpunga, shamba la maua au bwawa la umeme, anaupokea udongo uleule kama adha: vichujio vinaziba, banio (mahali maji yanapochotwa mtoni) linajaa mchanga, bwawa linapoteza kina mwaka hadi mwaka. Mwongozo huu ni wa kuwaunganisha hao wawili kwa mkataba. Wa chini analipa, wa juu anaushika udongo wake usiondoke.

Utaratibu wenyewe umeshajaribiwa kwetu. Kwenye mto Malewa, mto mkuu unaolisha Ziwa Naivasha, wakulima wa Turasha ya juu na Wanjohi walianza kupokea vocha mwaka 2010, za thamani ya takriban dola 17 kwa mwaka, fedha zikitoka kwa watumiaji maji wa kandokando ya ziwa. Milimani Uluguru, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kutunza mashamba yanayomwaga maji kwenye mto Mfizigo, ambao unaingia Ruvu, na wanunuzi, yaani waliolipa, walikuwa DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa 2015, na hesabu zake za awali zilikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumika mashambani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5. Soma vizuri masharti ya hesabu hiyo: ni ndani ya miaka 30. Tutalirudia jambo hilo.

Anza na bili ya aliye chini

Watu wengi huanzia kwenye thamani ya msitu. Wanaajiri mtaalamu, anakadiria hewa, maji, dawa za asili na utalii, anatoka na mabilioni. Ukimpelekea meneja wa mtambo wa maji namba hiyo atakushukuru na kukusindikiza mlangoni. Yeye hana fungu la bajeti linaloitwa thamani ya msitu. Ana fungu la shabu (dawa ya kutuliza tope majini), la dizeli, la kuzoa mchanga na la vipuri vya pampu. Hesabu yako ianzie humo.

Omba kumbukumbu za miaka mitatu za mtambo: kiasi cha maji yaliyosafishwa kila siku, kilo za shabu zilizotumika, siku ambazo mtambo ulizimwa kwa sababu ya tope, na gharama za kusafisha banio. Tenganisha miezi ya mvua na ya kiangazi. Tofauti kati ya misimu hiyo miwili ndiyo gharama ya tope.

Mfano, kwa bei za kubuni (weka za kwako). Mtambo unasafisha mita za ujazo 10,000 kwa siku. Kiangazi unatia gramu 20 za shabu kwa kila mita ya ujazo, wakati wa mvua gramu 60. Tofauti ni gramu 40, yaani kilo 400 kwa siku. Kwa siku 120 za mvua ni kilo 48,000. Shabu ikiwa shilingi 1,500 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 72. Ongeza kuzoa mchanga banioni mara mbili kwa milioni 9 kila mara: milioni 18. Ongeza siku nne ambazo mtambo ulifanya kazi nusu, mita za ujazo 20,000 zikakosa kuuzwa kwa shilingi 1,500: milioni 30. Jumla ni milioni 120 kwa mwaka.

Usimwahidi mnunuzi kwamba utaiondoa yote. Mto wowote wa milimani hubeba udongo hata pasipo mkulima hata mmoja. Kama unaamini robo ya tope inaweza kupungua ifikapo mwaka wa nne, basi dari ya mradi wako ni milioni 30 kwa mwaka, na kila kitu kiingie chini ya dari hiyo: malipo ya wakulima, mshahara wa mratibu, mafuta ya pikipiki, vipimo. Ukivuka dari, mnunuzi akipiga hesabu zake atagundua kuwa ni nafuu kwake kununua shabu.

Tafuta tope linatoka wapi

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko nyingine zote. Udongo mwingi wa bonde hutoka sehemu ndogo ya bonde: miteremko michache iliyolimwa mpaka ukingoni, makorongo, kingo zilizobomolewa na mifugo inayoshuka kunywa maji. Tena si mashamba peke yake. Barabara za udongo zisizo na mifereji ya kutolea maji zinaweza kumwaga tope kuliko vitongoji vizima. Ikiwa chanzo ni barabara, kuwalipa wakulima hakutasaidia kitu. Mzungumze na halmashauri.

Chukua chupa za lita moja zinazoonyesha ndani. Mvua kubwa ikinyesha, watu wawili au watatu wapite kila mahali kijito kinapoingia mto mkuu na wachote maji ndani ya saa ileile. Andika mahali, saa na tarehe kwenye kila chupa. Ziache zitulie siku nzima juu ya meza, kisha zipange kwa mstari. Mtu yeyote wa kijijini ataona mara moja kijito kipi kinatapika. Ukitaka namba, chuja maji hayo kwa karatasi ya kuchujia uliyoipima uzito ikiwa kavu, ikaushe, ipime tena. Tofauti ni miligramu za udongo kwa lita.

Ila chupa yenye tope zito si lazima itoke kwenye kijito kibaya zaidi. Kinaweza kuwa chembamba kama mkono. Pima na wingi wa maji. Chagua sehemu iliyonyooka, pima mita 20 kandokando ya mto, dondosha chungwa juu, hesabu sekunde mpaka lifike chini. Rudia mara tano, chukua wastani. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, hivyo zidisha kasi hiyo kwa 0.85. Kisha zidisha kwa upana na kina cha wastani. Mto wa upana mita 5 na kina nusu mita, chungwa likitumia sekunde 20, unapitisha karibu mita za ujazo 2.1 kwa sekunde. Kama kila lita ina miligramu 500 za udongo, hiyo ni kilo moja na kidogo kila sekunde, karibu tani 3.8 kwa saa. Lori la tani tatu na nusu linajaa kabla saa haijaisha. Mto ukiwa umefurika usiingie ndani yake. Pima ukiwa darajani, na kina kisome kwenye ubao uliochorwa sentimita na kusimikwa mapema, wakati wa kiangazi.

Hesabu ya mkulima

Mkulima akiacha ukanda wa mita 10 kwenye mita 100 za ukingo, ameachia mita za mraba 1,000, yaani robo eka. Tuseme eka moja hutoa magunia 8 ya mahindi. Amekosa magunia 2. Kwa shilingi 80,000 kwa gunia ni 160,000. Toa mbegu, mbolea na vibarua, tuseme 70,000. Alichopoteza ni 90,000, si 160,000. Waandaaji wengine hulipa kwa mavuno ghafi na fedha zinaisha mapema. Wengine hulipa kidogo kuliko 90,000 na kushangaa msimu wa pili wakikuta ukanda umelimwa tena. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linavunja na imani.

Sasa linganisha na dari. Wakulima 300 kwa 90,000 ni milioni 27. Uendeshaji ukiwa milioni 12, jumla inafika milioni 39, na dari yetu ni 30. Mradi haulipi. Lakini kama zoezi la chupa limeonyesha kuwa sehemu kubwa ya tope inatoka kwenye mashamba 120 ya vijito viwili, malipo ni milioni 10.8, jumla milioni 22.8, na hapo pande zote zina nafasi ya kupumua. Ndiyo maana kugawa fedha sawa kwa sawa kwa kijiji kizima, jambo ambalo mkutano wa hadhara utalidai, kunaua mradi. Kwa wasioingia kwenye mkataba, tafuta kitu kingine cha pamoja: miche ya bure, mafunzo, josho. Msiwaache wakitazama tu, maana mifugo yao ndiyo itakayopita kwenye majani ya jirani.

Malipo hayalazimiki kubaki palepale. Ukanda ukipandwa majani ya tembo, kuanzia mwaka wa pili unatoa malisho. Mkulima akiuza mizigo 40 kwa 1,500 amepata 60,000, na pengo lake limebaki 30,000. Andikeni hili tangu mwanzo kwenye mkataba, kwamba malipo yatashuka na kwa nini. Likija kama habari mpya mwaka wa tatu litaonekana ni wizi.

Kazi yenyewe shambani

Mkataba ununue vitu vinavyohesabika kwa mita. "Kutunza mazingira" hakupimiki. Mita 80 za tuta la fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta) zinapimika.

Mistari ya matuta lazima ifuate kontua, yaani mstari wa kimo kimoja unaokata mteremko, na kifaa cha bei nafuu ni fremu ya A. Chukua fito mbili za mita 2, zifunge juu, weka fito ya kukata katikati, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha miguu yake juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa fito ya katikati. Geuza, mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Usiamini fremu ya jana. Kamba hulegea na miguu hulika, hivyo ijaribu kila asubuhi.

Umbali kati ya tuta na tuta hupatikana kwa kanuni inayotumika sana Kenya: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kwa mita. Mteremko wa asilimia 10 unatoa 1.35, na ukigawa kwa 0.10 unapata mita 13.5 kati ya matuta. Asilimia 20 inatoa kimo cha mita 2.1, umbali mita 10.5. Mteremko ukizidi sana hapo, fanya juu haifai tena. Tumia matuta ya ngazi kamili, au ondoa mazao ya msimu upande miti ya matunda na majani.

Mtaro uwe sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukitupwa upande wa juu, na uache kinjia cha sentimita 30 kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi. Mita 100 zinatoa mita za ujazo 36 za udongo. Mchimbaji mmoja akichimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, ni siku 12 hadi 18 za kibarua. Gharama hii ni ya mara moja, ilipwe peke yake, isichanganywe na malipo ya kila mwaka. Kumbuka pia kuwa mtaro, kinjia na tuta vinakula karibu mita 2 katika kila mita 13, na mkulima atakuwa ameshaliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Juu ya tuta panda vipande vya majani ya tembo vyenye pingili tatu, mbili zikizikwa, nusu mita kati ya kipande na kipande, mistari miwili kwa kupishana. Yakikatwa yaachwe vishina vya sentimita 10. Asiyefuga, mpe nyasi za vetiva: mifugo haiipendi, hivyo haiibiwi.

Kinachoharibika zaidi ni mstari usiokuwa kwenye kontua. Sentimita chache tu zikishuka upande mmoja, maji yote ya mtaro yanakimbilia hapo, yanapasua tuta, na masika moja linazaliwa korongo ambalo hapo kwanza halikuwepo. Mkaguzi atembee na fremu yake kabla jembe halijagusa ardhi, maana kusogeza vigingi hakugharimu kitu.

Ukingoni mwa mto panda miti ya asili ya hapohapo: mkuyu, mzambarau mwitu, mianzi kama inaota. Mikaratusi iwe mbali. Inakua haraka na inauzika, ndiyo maana kila mtu anaitaka, lakini inafyonza maji mengi na chini yake mara nyingi udongo hubaki mtupu.

Sheria na sahihi

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kenya, kanuni za maji za 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Hapo mtu atauliza: mnamlipa mkulima aache kosa? Swali ni la haki. Njia inayopita ni kulipia kazi na vifaa ndani ya ukanda wa kisheria (kuchimba, miche, kupalilia miche mpaka ishike), na kulipia mavuno yaliyoachwa nje ya ukanda huo tu. Mfano wa robo eka hapo juu utumike kwa uangalifu huo. Kwenye vijito vyembamba ambako mashamba yalikuwepo vizazi na vizazi, keti na ofisi ya serikali inayosimamia maji ya bonde kwanza mkubaliane, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi.

Upande wa wakulima usainiwe na jumuiya ya watumiaji maji iliyosajiliwa, ambayo Tanzania inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na Kenya huitwa kwa kifupi WRUA. Mnunuzi hawezi kusaini mikataba 120. Jumuiya inasaini mmoja, kisha inaandikiana na kila kaya. Kwenye karatasi ya kaya wasaini mume na mke wote wawili, kwa sababu mara nyingi anayepanda majani siye anayepokea simu ya malipo. Shamba likiwa la kukodi, mwenye shamba naye aweke sahihi, la sivyo matuta yakishakamilika kodi inapanda au mpangaji anaondolewa.

Malipo na ukaguzi

Mlipe mkulima kwa kazi yake, usimlipe kwa rangi ya mto. Hana mamlaka juu ya mvua wala juu ya jirani yake. Mnunuzi ndiye anayeangalia mto, na hatari ya katikati inabebwa na jumuiya na mnunuzi. Gawa malipo ya mwaka hivi: asilimia 40 matuta na ukanda vikithibitishwa kabla ya mvua, 30 majani yakihesabiwa kuwa yameshika, 30 baada ya masika kama tuta halijapasuka au limezibwa ndani ya wiki mbili. Tumeni kwa simu, na orodha ya majina na mita ibandikwe ofisi ya kijiji. Vocha za duka la pembejeo hufanya kazi pale tu penye maduka mawili au zaidi. Likiwa moja, bei hupanda siku vocha zinapotoka.

Wakaguzi wawe watatu: mmoja wa jumuiya, mmoja wa mnunuzi, mmoja kutoka kijiji kingine. Wapime kwa futi kamba na wapige picha wakiwa wamesimama palepale kila mwaka.

Kwa upande wa mto, endelea kuchota chupa mahali palepale, na uchague kijito kingine kisicho na mradi cha kulinganishia, pamoja na kipimo cha mvua. Bila hivyo mwaka mkavu utakupa sifa usizostahili, na mwaka wa El Niño utakufukuzisha kazi. Miaka miwili ya kwanza huenda mto usioneshe kitu: tope lililolala mitoni miaka mingi linaendelea kusukumwa chini hata mashamba yakiwa yametulia. Hapa ndipo ile miaka 30 inapoingia. Fedha za miaka mitatu ya mwanzo hazitoki kwenye akiba ya shabu, kwa sababu akiba hiyo bado haipo. Zitafutwe kama mtaji, na mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi.

Usichopaswa kuuza

Usimwahidi mnunuzi kwamba miti itaongeza maji. Miti mipya inakunywa, na mara nyingi jumla ya maji ya mwaka hupungua kidogo. Kinachoweza kubadilika ni mwenendo: maji yanaingia ardhini badala ya kukimbia juu, na tope linapungua. Misitu ya ukungu ya vilele vya Uluguru au Nyandarua ni habari nyingine, inanasa unyevu wa mawingu, lakini hiyo tayari ipo na kazi ni kuilinda.

Vilevile bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe. Uluguru ina ndege na vyura wasiopatikana penginepo duniani, ila chura haonekani kwenye bili ya mtambo wa maji, na nyasi za kigeni zinaweza kuzuia tope vizuri bila kumsaidia kiumbe yeyote. Ukitaka miti ya asili na makazi ya wanyama, tafuta mlipaji wa pili kwa ajili hiyo, na tofauti ya gharama kati ya vetiva na msitu wa asili ndiyo umpelekee yeye.

Muda na kuachana

Mkataba usipungue miaka mitano. Weka kipengele kwamba mnunuzi anayejitoa atoe taarifa miezi mitatu kabla ya msimu wa kupanda, ili mkulima ajue kama arudishe mahindi au la. Na malipo ya msimu mmoja mzima yakae muda wote kwenye akaunti yenye watia sahihi wa pande mbili, yaguswe tu mnunuzi akichelewa zaidi ya siku 30.